Presha "iko sawa", lakini mama hayuko sawa

BARUA

Salaam kwenu wauguzi wenzangu wa safu hii.

Mimi ni muuguzi mkunga, mwaka wangu wa pili kazini, wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya. Usiku tunakuwa wawili, na wodi ikijaa kina mama wanapita thelathini, wengine wakilala wawili kitanda kimoja.

Kuna mama mmoja, uzazi wa tatu na upasuaji wa pili, aliyeletwa wodini saa tatu usiku. Nilipompokea mapigo yalikuwa 84, presha 118/72, anapumua mara 16 kwa dakika. Saa tano usiku mapigo 98, presha 114/76, kupumua 20. Saa saba mapigo 118, presha 106/80, kupumua 26, na mfuko wa mkojo ulikuwa umeongezeka mililita 15 tu kwa saa nzima. Kizazi kilikuwa kimejikaza na pedi haikuwa na damu ya kutisha. Ila mama hakutulia. Alijigeuza geuza, aliomba maji, alisema tumbo linauma hadi begani. Nikampigia daktari wa zamu: "Daktari, yule mama wa upasuaji hajisikii vizuri, presha ni 106 kwa 80." Akajibu kwamba presha iko sawa, nimpe dripu na dawa ya maumivu, niendelee kumwangalia. Nikafanya hivyo. Saa kumi na moja alfajiri presha ilikuwa 70/40. Alirudishwa chumba cha upasuaji, tumbo likakutwa limejaa damu. Mama alipona, ameshakwenda nyumbani na mwanawe, tunamshukuru Mungu.

Naomba mnisaidie mambo matatu. Ningejuaje mapema, wakati presha haikuwa mbaya? Niseme nini kwenye simu ili daktari aje, bila kuonekana namfundisha kazi? Na tukiwa wawili kwa kina mama thelathini, nimwangalie nani kwanza?

Muuguzi wa zamu ya usiku

JIBU

Dada yetu, pole kwa usiku ule. Umetuletea namba pamoja na saa zake, na jibu la swali lako la kwanza limo humo humo. Zisome kwa kuteremka: mapigo 84, 98, 118. Namba ya juu ya presha 118, 114, 106. Namba ya chini 72, 76, 80. Kupumua 16, 20, 26. Kila moja inakwenda upande mmoja tu kwa saa nne mfululizo, na hakuna hata moja iliyorudi nyuma.

Ukiichukua namba moja moja ya saa saba, unaweza kuitetea. Mapigo 118, ana maumivu. Presha 106/80, ndiyo presha ya wanawake wengi vijana. Anapumua 26, ana wasiwasi. Mkojo kidogo, hajanywa maji tangu mchana. Hivyo ndivyo mama anavyoponyoka mikononi mwa watu makini: kila dalili imepewa kisingizio chake, na hakuna aliyeziweka mezani pamoja.

Damu inapopungua, mwili hauachii presha ishuke mara moja. Mishipa ya mikononi, miguuni na kwenye ngozi hujibana, moyo huongeza kasi, figo hupunguza mkojo. Kule kujibana kwa mishipa ndiko kulikopandisha namba ya chini ya presha kutoka 72 hadi 80 wakati ya juu inashuka. Toa ya chini kwenye ya juu kwa kila kipimo chako: 46, kisha 38, kisha 26. Pengo linafumba. Kwa mtu mzima aliyekuwa na afya, namba ya juu ya presha kwa kawaida haiporomoki mpaka amepoteza karibu asilimia 30 ya damu yake, na mama aliyetoka kujifungua ana damu nyingi kuliko alivyokuwa kabla ya mimba, kwa hiyo anaweza kupoteza lita nzima na zaidi huku presha bado inampendeza daktari. Presha ndiyo inayoanguka mwisho. Ukiingoja yenyewe ikupe ruhusa ya kuhangaika, umechelewa.

Kuna hesabu moja ndogo tunayotaka uifanye kila unapopima: gawa mapigo kwa namba ya juu ya presha. 84 kwa 118 ni 0.7. 98 kwa 114 ni karibu 0.86. 118 kwa 106 ni 1.1. Kwa mama baada ya kujifungua, 0.9 na kuendelea ni ya kukufanya usimame kitandani na kumchunguza upya. Mapigo yakiwa makubwa kuliko presha, yaani kupita 1, mchukulie kuwa anavuja damu mpaka ithibitike vinginevyo. Huhitaji kikokotoo. Mapigo yakiikaribia presha, ita mtu.

Hesabu hiyo ina mahali inapodanganya. Mama mwenye kifafa cha mimba aliyekuwa na 160/110 mchana, akakutwa na 115/75 usiku bila kuongezewa dawa, hajapona presha, huenda anavuja. Aliyepewa labetalo, dawa ya presha, anaweza asipandishe mapigo ipasavyo. Na damu ikimwagika ndani ya tumbo, wapo wachache ambao mapigo yao hayapandi kabisa mpaka mwishoni. Ndiyo maana mkono na macho yako havina mbadala.

Tukuambie basi cha kufanya pale kitandani unapoona mama hatulii. Kaa naye dakika tano. Kabla hujamwambia lolote, shika kifundo cha mkono kana kwamba unahesabu mapigo, na uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima ukitazama kifua. Akijua unahesabu pumzi, anabadilisha. Kisha ndipo uhesabu mapigo, nayo dakika nzima, kwa vidole vyako. Tumeona chati nyingi ambazo wodi nzima inapumua mara 20 tangu jioni hadi asubuhi. Hiyo ni namba iliyoandikwa bila kuhesabiwa, na inasikitisha, kwa sababu kupumua ndiko kunakobadilika mapema kuliko karibu vyote.

Gusa paji la uso, halafu shuka na mgongo wa mkono wako kutoka gotini hadi kwenye vidole vya mguu. Miguu ya baridi kwa mama aliyefunikwa kitenge na blanketi ina maana. Bonyeza ukucha au kidole gumba kwa sekunde 5 uachie. Rangi ikichelewa kupita sekunde 3, damu haifiki vizuri. Kwa ngozi nyeusi usitafute weupe usoni: vuta kope ya chini, tazama ulimi na viganja. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni hakisomi vizuri kwenye kidole cha baridi wala kwenye piko nyeusi. Tafuta kidole kisichopakwa au kigeuze kikae ubavuni mwa kidole. Na kwa ngozi nyeusi kipimo hicho huweza kuonyesha namba nzuri kuliko hali halisi, kwa hiyo 95 isikutulize kama mama anahema.

Sasa mfunue. Kanga mbili na blanketi huficha mengi, na kanga iliyokunjwa chini ya makalio hunywa damu nyingi kabla hujaiona kwa juu. Ingiza mkono chini ya kiuno, mgeuze ubavu, tazama shuka. Pedi na vitambaa vilivyolowa vipime kwenye mizani ya watoto, utoe uzito wa vikiwa vikavu: gramu 1 ichukulie kuwa mililita 1. Bandeji ya kidonda ikiwa na doa, zungushia ukingo wa doa kwa kalamu na uandike saa. Baada ya nusu saa hutabishana na mtu kama linaongezeka. Papasa kizazi: kigumu au kilegevu, kiko usawa wa kitovu au kimepanda juu yake? Kikipanda, kinaweza kuwa kimejaa mabonge, au kibofu kimejaa kwa sababu mpira wa mkojo umekunjika chini ya paja. Nyosha mpira kwanza kabla hujaandika mkojo ni kidogo. Mama wa kilo 60 anapaswa kutoa angalau mililita 30 kwa saa. Mama wako alitoa 15.

Tumbo ndilo lililokuwa na habari yote usiku ule. Kizazi kigumu na pedi safi vinakuambia damu haitoki kwa njia ya uke, basi. Havisemi chochote kuhusu kona ya mshono wa kizazi au mshipa wa pembeni unaomwaga ndani. Tumbo lililojaa taratibu, linalouma mama akiguswa mbali na kidonda, pamoja na maumivu ya begani akilala chali, lazima likupeleke huko. Bega peke yake halitoshi, kwa kuwa hata hewa iliyobaki tumboni baada ya upasuaji huleta maumivu hayo. Likiungana na mapigo 118, linatosha. Usipoteze muda kuzungusha futi ya cherehani tumboni. Kipimo hicho hubadilika kwa gesi na kwa mahali ulipoiweka futi.

Je, kama kweli ni maumivu? Swali halali, na lina njia ya kulijibu. Maumivu kwa kawaida hupandisha mapigo na presha pamoja. Kutoka damu hupandisha mapigo huku pengo la presha likifumba au presha ikishuka. Ukimpa dawa ya maumivu, andika saa na upime tena baada ya dakika 15 na 30. Uso umetulia, mapigo yamerudi 90, vizuri. Uso umetulia na mapigo bado 118, maumivu hayakuwa sababu. Uangalifu mmoja: pethidini na mofini hupunguza kasi ya kupumua, kwa hiyo 26 ikigeuka 18 baada ya sindano hiyo haikuthibitishii kwamba mama amepata nafuu. Na kutotulia kwa mama anayeomba maji kila mara ni dalili ya ubongo kukosa damu ya kutosha. Ndugu wengi husema "ana usumbufu tu", na saa mbili baadaye husema "sasa amelala". Usingizi wa namna hiyo mwamshe.

Himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, nayo isikupumbaze. Mtu anapovuja, anapoteza damu nzima, chembe na maji yake kwa pamoja, kwa hiyo kilichobaki kina uwiano ule ule. Ukipima saa ya kwanza unaweza kupata 10.8 wakati lita imeshamwagika tumboni. Namba hushuka baadaye, dripu na maji ya mwili yanapoingia kwenye mishipa. Ipime ili uwe na mwanzo wa kulinganishia, na uombe kundi la damu na damu ya kuongezea papo hapo.

Tuje kwenye simu. Daktari aliyeamshwa saa saba usiku anasikia sentensi ya kwanza na namba ya kwanza. Wewe ulianza na "hajisikii vizuri", ukamalizia na presha, namba pekee iliyokuwa bado nzuri. Kisha hukumwomba kitu. Panga maneno hivi: wewe ni nani na unahofia nini, mama ni nani, umeona nini kikibadilika, unaomba nini. Yaandike kwenye karatasi kabla ya kupiga, faili likiwa wazi mbele yako. Kwa mama yule ingekuwa hivi:

"Daktari, ni muuguzi wa zamu wodi ya wazazi. Nahofia mama wa kitanda cha 7 anavuja damu ndani ya tumbo. Upasuaji wa pili, ametoka kwako saa tatu usiku. Ndani ya saa nne mapigo yamepanda kutoka 84 hadi 118, presha imeshuka kutoka 118 hadi 106, anapumua 26, mkojo mililita 15 kwa saa iliyopita. Kizazi kimejikaza, pedi haina damu nyingi, tumbo limejaa na linauma hadi begani. Nimeweka kanula mbili, nimepeleka damu maabara. Naomba uje umwone sasa. Niwaite na watu wa chumba cha upasuaji?"

Hayo ni sekunde arobaini hivi, na hakuna mahali ulipomfundisha kazi. Umemkabidhi hali jinsi ilivyo na hofu yako umeitaja kwa jina. Mwache anyamaze afikiri; usijaze ukimya kwa kusema "lakini labda ni maumivu tu".

Akijibu "endelea kumwangalia", uliza maswali mawili kwa heshima: "Sawa daktari, nimpime kila baada ya dakika ngapi? Na kipimo gani kikifika wapi nikupigie tena?" Kisha mrudie alichosema na uandike kwenye faili, pamoja na saa. Kwenye karatasi tumia 01:00, maana "saa 7" peke yake inaweza kusomwa saa saba mchana, au hata saa moja asubuhi, na anayepokea mama kwa rufaa. Pima baada ya dakika 15. Hali ikiwa ile ile au mbaya zaidi, piga tena bila kuomba radhi. Asipokuja, mpigie muuguzi mfawidhi, daktari wa pili, kisha mganga mfawidhi. Kumruka mtu kwa njia hiyo si utovu wa adabu, utaratibu wa zamu umewekwa kwa ajili hiyo, na kabla ya kumruka mwambie: "Daktari, nampigia sasa mganga mfawidhi kwa sababu mama anaendelea kushuka."

Huku unangoja, mikono isilale. Mwite mwenzako. Mlaze mama chali, inua miguu, mpe oksijeni kwa barakoa, mfunike apate joto, kwa sababu damu ya mwili uliopoa haigandi vizuri. Weka kanula mbili, mirija ya kuingiza mshipani, namba 16 ya kijivu. Ukiikosa, 18 ya kijani. Kupitia kanula ya kwanza vuta damu ya himoglobini na kundi kabla hujafungua dripu. Vuta pia mililita 2 kwenye chupa ya kioo kavu isiyo na dawa, ishike kwenye kiganja ulichofumba ipate joto la mwili. Baada ya dakika 4 iinamishe taratibu uone kama imeganda, na urudie kila dakika. Isipoganda ndani ya dakika 7, au ikiganda bonge laini linalovunjika, mwambie daktari: damu yake imepoteza uwezo wa kuganda, na hilo linabadilisha maandalizi yote.

Ringa laktati au maji ya chumvi ya asilimia 0.9, lita 1 kwa haraka, kisha pima upya. Usiendelee kumwagia lita ya tatu na ya nne huku hakuna aliyeifuata damu benki. Unaizimua damu iliyobaki na kumpoza mama. Asidi traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kutoka, gramu 1 kwenye mshipa polepole kwa dakika 10, ina muda wake: ianzwe ndani ya saa 3 tangu mtoto azaliwe. Baada ya hapo haianzishwi. Kwa mama huyu saa saba usiku dirisha hilo lilikuwa limefungwa, lakini saa tano lilikuwa linaweza kuwa wazi bado, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoidharau 98 iliyotoka 84. Asile wala asinywe. Hapa zungumza na anayemuuguza, maana mama akilia kiu, chai na uji hutoka kwenye chupa kabla hujageuka. Mpe ndugu kitambaa chenye maji amloweshe midomo, na umweleze sababu: huenda akarudi chumba cha upasuaji, na tumbo lenye chakula ni hatari akilazwa kwa nusu kaputi.

Swali lako la tatu ndilo gumu, na hatutakudanganya kwamba wauguzi wawili wanaweza kupima kina mama thelathini kila dakika 15. Hawawezi, na chati inayodai wamefanya hivyo haiaminiki. Mnaweza kuchagua. Mkipokea zamu, msipokelee mezani kwenye daftari, piteni kitanda kwa kitanda na wanaoondoka, na kwa kila mama muulizeni mwenzenu swali moja: "Huyu, ungekuwa unabaki, angekunyima usingizi?" Waliofanyiwa upasuaji au kujifungua ndani ya saa 6, waliokaa na uchungu muda mrefu, mapacha, mtoto mkubwa, kovu la zamani, kifafa cha mimba, waliokuwa na damu pungufu tangu kliniki, na walio kwenye damu ya kuongezewa: hao wasogezeni vitanda vya karibu na meza yenu, hata kama itabidi kumhamisha mama anayesubiri ruhusa kesho. Hao ndio wapimwe mara nyingi kadiri mwongozo wa hospitali yenu unavyotaka. Wengine wote wapitiwe kwa macho kila saa: anavyopumua, uso, pedi, mfuko wa mkojo. Haifiki dakika moja kwa mama. Anayekutia shaka anaingia kwenye kundi la kwanza, na hahitaji kukidhi kigezo kingine chochote zaidi ya shaka yako.

Kuna utafiti unaoitwa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Ulihusu kina mama waliojifungua kwa njia ya kawaida. Damu ilikusanywa kwenye mfuko wenye alama za vipimo, na ilipofika kiwango kilichokubaliwa, mkunga alianza mara moja matibabu yote kwa pamoja. Kutoka damu kupita kiasi na madhara yake makubwa vilipungua kwa asilimia 60. Tunautaja kwa sababu namba iliyokubaliwa mapema ilimwondolea mkunga mzigo wa kubishania hofu yake usiku wa manane.

Jambo hilo mnaweza kulianza wenyewe, hata kabla mwongozo wowote haujafika wodini. Peleka chati ya mama huyu kwenye kikao cha asubuhi, ukimwonyesha muuguzi mfawidhi kwanza ili asishtukizwe. Usiombe mtu alaumiwe. Omba namba. Pendekeza zinazofanana na hizi kwa mama baada ya kujifungua: mapigo kupita 110, au makubwa kuliko presha ya juu, presha ya juu chini ya 100, kupumua 25 na zaidi, mkojo chini ya mililita 30 kwa saa, kwa saa mbili, au muuguzi ana shaka. Namba mbili zikikutana, daktari anakuja kitandani. Madaktari wenu wazirekebishe wanavyoona inafaa, wazikubali, ziandikwe kwa kalamu nene na kubandikwa ukutani juu ya simu ya wodi.